Bahati yapimwa kwa mizani katika karata za katuni za Japani

MCHEZAJI aliyeshindwa karata hupenda kuilaumu bahati. Katika michezo ya karata inayotokana na katuni za Japani, zijulikanazo kama anime, lawama hiyo ina ukweli nusu tu, kwani bahati imetiwa humo makusudi na kwa kipimo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Weiss Schwarz, mchezo uliozinduliwa na kampuni ya Bushiroad ya Japani mwaka wa 2008. Kila mchezaji huja na bunda lake mwenyewe la karata 50, zenye picha za wahusika wa katuni aipendayo. Miongoni mwake huruhusiwa karata za kilele zisizozidi 8, na hizo 8 ndizo zinazoshikilia hatima yake.

Mchezaji anaposhambuliwa kwa mapigo 3, hufunua karata 3 kutoka juu ya bunda lake, moja baada ya nyingine. Zote zikiwa za kawaida, mapigo yote 3 humhesabia. Karata ya kilele ikichomoza miongoni mwazo, shambulio zima hufutika. Mapigo 7 humsogeza ngazi moja, na anayefika ngazi ya 4 ameshindwa. Hata hivyo, kila ngazi humruhusu kutumia karata zenye nguvu zaidi, hivi kwamba anayeelekea kushindwa ndiye anayetangulia kushika silaha nzito.

Hadi hapo mtu angedhani ni pata potea. Sivyo. Bunda likiisha, karata zilizokwisha kutumika na kutupwa huchanganywa upya ziwe bunda jipya, naye mchezaji hutozwa pigo moja. Zilizo mkononi, zilizopangwa mezani na zilizowekwa akiba hazirudi. Hapo ndipo ustadi hujitokeza. Anayehakikisha kwamba karata nyingi za kawaida zimebaki nje, huku zote 8 za kilele zikirudi, hujipatia ngao madhubuti.

Hesabu yathibitisha hayo. Katika bunda kamili la karata 50, uwezekano wa kufuta shambulio la mapigo 3 ni takriban asilimia 41. Bunda jipya likiwa na karata 28, zikiwemo zote 8 za kilele, uwezekano huo hupanda hadi asilimia 65. Hata hivyo, mara 35 katika kila 100 ngao hiyo haitafua dafu, na bingwa ataangushwa na mwanafunzi wake. Bila mwanya huo, ni mwanafunzi gani angerudi mezani wiki ifuatayo?

Yu-Gi-Oh!, mchezo wa kampuni ya Konami ulioanza mwaka wa 1999 kutokana na hadithi za michoro za Kazuki Takahashi, huiweka bahati kwingineko. Bunda lake huwa na karata 40 hadi 60, nakala za karata moja zisizidi 3, na kila mmoja huanza na 5 mkononi. Mwenye nakala 3 katika bunda la 40 ana takriban asilimia 34 ya kuanza na angalau moja. Akiongeza bunda hadi 60, uwezekano hushuka hadi asilimia 23. Haishangazi kwamba wengi hupendelea bunda dogo, tena lililojaa karata za kutafutia nyingine.

Lakini bahati ikidhibitiwa kupita kiasi, huzuka dhuluma nyingine: anayetangulia hujenga ngome kabla mpinzani hajagusa chochote. Tangu mwaka wa 2014 anayeanza haokoti karata katika zamu yake ya kwanza. Aidha, kuna orodha ya karata zilizopigwa marufuku au kuwekewa mipaka. Pot of Greed, inayompa mchezaji karata 2 zaidi bila gharama yoyote, imefungiwa nje kwa miaka mingi.

Karata nyingine hubakishiwa nakala moja tu, na uwezekano wa kuanza nayo ukateremka kutoka asilimia 34 hadi 12.5. Kwa namna hiyo kampuni huirudisha bahati mchezoni iwe breki. Gharama humwangukia aliyenunua nakala 3 kwa bei ghali, kwani hubaki na 2 asizoweza kuziingiza mashindanoni.