Gari Kuukuu Linaloishiwa Nguvu Katika Barabara Kuu

Yako magari kuukuu ambayo asubuhi huwaka mara moja na kwenda sokoni bila taabu. Lakini yakifika barabara kuu, yapata mwendo wa kilometa 80 kwa saa, nguvu hupungua ijapokuwa dereva amekanyaga mpaka sakafuni. Jambo hili si la kupuuzwa. Mwenye kulipita lori, kisha nguvu zikamkatikia kati ya njia, aweza kukutana na basi uso kwa uso.

Tutatwaa mfano wa Land Rover Series III ya petroli, iliyoundwa Uingereza tangu 1971 hata 1985, ili mwenye gari apate kujua kisa kabla hajauziwa kabureta mpya asiyoihitaji.

Injini ikinguruma gari limesimama hunywa petroli kidogo. Mwendo wa kasi na mlima ndivyo vidaivyo nyingi. Ndani ya kabureta mna kibakuli cha akiba. Njia ya petroli ikizibana, kibakuli hupungua kidogo kidogo, gari hulegea, na likipunguzwa mwendo hupata nafuu. Ugonjwa wa umeme hauwi hivyo: injini hukatakata ghafula, na mara nyingi huzidi koili au kondensa ikipata moto.

Iko dalili moja tunayoithamini kuliko zote. Gari likianza kulegea, vuta choki kidogo. Nguvu zikirudi, injini ina njaa ya petroli. Likizidi kuwa zito, tazama chujio la hewa, na bomba la moshi kama limeziba.

Kwa njaa ya petroli, anza na kisicho na gharama. Simama, ufungue kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa kishindo, tundu la kupumulia limeziba. Kisha tazama kikombe cha kioo kilicho chini ya pampu, kama mna maji au kutu. Halafu, injini ikiwa imepoa na waya wa koili umeondolewa, chomoa mpira wa petroli penye kabureta, utie ncha yake katika chupa, na mwenzio azungushe injini kwa stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Ikidondoka tu, kiwambo cha pampu kimechoka au njia imeziba. Sigara na taa ya moto viwe mbali kabisa.

Kutu ikirudi baada ya kusafisha, tangi lenyewe limeoza ndani, na chujio jipya litaziba tena. Lishushwe lioshwe, wala fundi asilichomelee kwa kuwa ni tupu, maana mvuke uliosalia hulipuka.