Suruali ya Kusi: Rahisi Iliyoniaibisha Garsen

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi ni mtu wa kanzu na kikoi. Suruali huivaa safarini tu, na pengine ndiyo sababu nilifika utu uzima bila ya kujua kuichagua. Somo hilo nilipewa Garsen, na nililipwa kwa aibu.

Ilikuwa Julai 2018, kipupwe kimeingia. Kusi ilikuwa ikivuma, asubuhi zina baridi ya kupendeza, na mafuriko makubwa ya masika ya mwaka ule yalikuwa yamepungua na kuacha tope jeusi la kunata mashambani. Nia yangu ilikuwa kuwatembelea wakulima wa kando ya Mto Tana na kusikiliza habari za msimu wao. Kwa matembezi hayo nilikuwa nimenunua Mombasa, kwa mchuuzi wa njiani, suruali nyembamba ya poliesta yenye kung'aa, kwa shilingi 300. Wallahi nilijiona mjanja.

Siku ya kwanza tulivuka mto kwa mtumbwi. Nilipotupa mguu kuukanyaga ukingo, nikasikia kitambaa kinachanika, tangu msamba hadi karibu na goti. Nikajifunika kwa mkoba nikaenda hivyo hivyo mpaka msikitini, maana adhuhuri ilikuwa imeingia. Wenyeji wangu, waliposikia kwamba nimesoma chuoni, wakanitaka niwaswalishe.

"Ustadhi, tangulia," akasema mzee mmoja.

"Tangulieni nyinyi, mzee wangu. Mimi leo nina udhuru," nikajibu, mkono u nyuma.

Mzee yule akanitazama, akafahamu. Hakusema neno. Akaenda kwake, akarudi na kikoi. Wahenga husema nguo ya kuazima haisitiri; kile kilinisitiri, Mungu amlipe mwenyewe. Lakini niliswali safu ya mwisho na moyo haukutulia. Sheria imetutaka sisi wanaume tusitiri baina ya kitovu na magoti. Mtu asiyeuamini mshono wake hawezi kuinama kwa utulivu.

Kesho yake nilirudi Garsen mjini, nikamwendea fundi cherehani mmoja kando ya soko. Akaigeuza suruali yangu nje ndani, akacheka kwa adabu.

"Bwana mwandishi, ulinunua bei, hukununua suruali."

Kisha akanipeleka kwenye mafungu ya mitumba, akanifundisha. Kwanza, alisema, iinue nguo juani. Ukiuona mwanga kwenye magoti na makalio, iache, imekwisha kuvaliwa. Pili, vuta mshono kwa mikono miwili. Nyuzi zikiachana ukaona nafasi, hiyo haitavuka mto. Mshono mwema hukunjwa na kupigwa nyuzi mbili. Tatu, tazama msamba, maana huko ndiko suruali hufia. Nne, ijaribu: chuchumaa, kisha fanya kama urukuu na usujudu. Ikikubana, haikufai shambani wala msikitini.

Juu ya kitambaa alikuwa na maneno mengi. Jinzi ni ngumu, lakini ikinywa maji huwa nzito kama gunia, na siku za kusi hukawia kukauka. Poliesta tupu hukauka upesi, lakini hufukiza joto, na cheche ya moto huiyeyusha. Bora ni kaki ya pamba iliyofumwa nene, au pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo. Hiyo huuacha mwili upumue, hukauka mapema, na si rahisi kwa mbu wa magharibi kupenyeza mdomo wake. Rangi nayo ina hesabu yake. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa mwenye kupita vichakani, rangi ya mchanga ndiyo salama, na tope halionekani haraka.

Nikamwuliza juu ya miba. Akanionyesha mathenge uliokuwa umeota pale karibu. Mti huu ulipandwa Hola na Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni, kisha ukaenea hata ukawa balaa kwa mkulima na mfugaji. Miba yake huchoma mpaka ndani. Dawa, akasema fundi, ni kutia kiraka cha ndani magotini kabla suruali haijachanika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nilipokuwa nikimngoja amalize kazi, niliwaza juu ya jambo la ajabu. Huko huko Bura, katika miaka ya 1980, pamba ndiyo iliyokuwa zao kubwa la kilimo cha kumwagilia maji. Leo wana wa Tana huvaa pamba iliyokwisha kuvaliwa na watu wa ng'ambo, inayoshushwa bandarini Mombasa kwa marobota. Silaumu, mitumba imewasitiri wengi. Lakini asiyejua kuchagua huuziwa uchakavu wa wengine.

Suruali ya kaki niliyoichagua ilikuwa shilingi 450. Fundi akaupiga msamba mshono wa pili, akatia viraka vya ndani, akapandisha pindo juu ya vifundo vya miguu, ili isizoe tope wala najisi, na ndiyo Sunna. Akataka 150. Jumla 600, maradufu ya ile ya kwanza. Lakini ile ya 300 ilidumu siku moja. Hii ilinichukua kusi tatu, na hata ilipochoka nilikata miguu yake nikapata viraka vya nyingine. Hesabu hiyo haihitaji karani.

Kikoi cha mzee nilikifua, nikakirudisha mwenyewe siku ya tatu. Safari hii aliponiambia nitangulie, nilitangulia. Njiani kurudi nikatunga ubeti huu:

Suruali kununua, rangi si ya kwangalia,
Yataka kuikagua, uzi ulipopitia,
Kisha ndipo kuchukua, na fundi kukukazia,
Vazi lisokusumbua, ndilo la kusujudia.