Mbuzi ya nazi kati ya wanyama



Huenda vijana wa nyumbani kwako nao wameingia katika mchezo huu wa maneno. Gazeti la New York Times la Marekani lilianza kuutoa mtandaoni Juni 2023 kwa jina la Connections, na kila siku huja fumbo jipya. Unapewa maneno 16, uyapange katika makundi manne, kila kundi maneno manne yenye uhusiano. Ukikosea mara nne, mchezo umekwisha.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alinitembelea hapa Goba akanitungia fumbo la Kiswahili kwenye karatasi. Nikaona kondoo, punda, ngamia, mbuzi. Nikayazungushia kalamu kabla sijamaliza kusoma.

“Umekosa, Mjomba.”

Ng’ombe alikuwa pale chini, sikumwona. Wanyama walikuwa wanne bila mbuzi. Mbuzi alikuwa wa kundi la kifumbu, kinu na mwiko: ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi!

Nilicheka, lakini kidogo. Sisi mapadre tukisikia kondoo na mbuzi tumeshafika Mathayo sura ya 25, na tunajua nani aende kulia, nani kushoto.

Juma lile lile nilikuwa na karatasi nyingine mezani. Katibu wa jumuiya ndogo ndogo moja aliniletea orodha ya watoro, wasiohudhuria sala za Jumamosi asubuhi. Jina la kwanza lilikuwa la kijana wa bodaboda. Siku chache kabla ya hapo alikuja kuomba mtoto wake abatizwe, nami nikamjibu nikiwa nimesimama mlangoni, kwamba aanze kwanza kusali na wenzake. Hakubisha. Aliinamisha kichwa, akawasha pikipiki. Kimya chake nilikihesabu kuwa ni kukiri kosa.

Baada ya mchezo ule nilimfuata kijiweni kwake, Njia Nne. Nikamuuliza: Jumamosi unakuwa wapi? Akasema yuko hospitalini na mama yake. Figo zimeshindwa kazi, na mama husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Huondoka nyumbani kabla hakujapambazuka.

“Mbona hukuniambia?”

“Baba Paroko, hukuniuliza.”

Nimeirudia sura ile ya 25 mara kadhaa tangu siku hiyo. Kuna jambo ambalo nimelipita haraka kwa miaka mingi nikihubiri: pande zote mbili zinashangaa. Wa kulia hawakujua kwamba walimhudumia Bwana, wa kushoto hawakujua kwamba walimnyima. Hakuna aliyejua kundi lake mwenyewe, seuze la jirani. Anayetenganisha ni Mwana wa Mtu, naye hafanyi hivyo kabla ya kuja katika utukufu wake. Tena kati ya wale anaojitambulisha nao yumo mgonjwa. Jumamosi zile zote, kati yangu na mtoro wangu, nani alikuwa na mgonjwa?

Mtoto alibatizwa Jumapili iliyofuata. Bibi yake hakuweza kukaa Misa nzima. Tulimwekea kiti karibu na mlango, apate upepo.

Orodha ya katibu bado iko mezani pangu. Ina majina mengine 11, na juma hili nimefika kwa la tatu.