Kwa nini ninja wa Lego hawaishi soko, na wewe muuzaji uwauzeje

Kuna watu kadhaa wameniuliza inboksi: hivi vidoli vya ninja vinavyotoka kwenye mabelo ya midoli ya mtumba, mbona kuna watu wazima wanavigombania? Mtu ana kazi yake, ana familia, anakuulizia "una ninja wa kijani?" Ngoja nieleze, maana ukiielewa hii kitu hutauza tena mfuko mzima kwa bei ambayo ungepata kwa vidoli viwili tu.

Jina lake ni Ninjago. Ni ya Lego, kampuni ya Denmark, na ilitoka mwaka 2011 ikiwa na katuni yake ya televisheni. Lego walishawahi kutoa ninja kabla ya hapo, mwaka 1998, ndani ya seti zao za ngome za kizamani. Vilikuwa vizuri tu, ila havikuwa na katuni, na baada ya kama miaka miwili vikaondoka. Hii ya 2011 ilikuja na watu wenye majina na ndugu zao. Kai ni mwekundu, moto. Jay ni wa bluu, radi. Cole mweusi, ardhi. Zane mweupe, barafu, halafu ni roboti na mwanzoni mwenyewe hajui. Nya ni dada yake Kai, baadaye akapata nguvu ya maji. Lloyd ndo huyo wa kijani, mtoto wa adui mkubwa Garmadon, na anayemfundisha ni Wu, baba yake mdogo. Familia hiyo hata bibi yako ukimsimulia ataielewa bila kuiona katuni.

Mpango wa mwanzo ulikuwa iishe baada ya miaka michache, kama seti nyingi za Lego. Mwaka 2013 wakaleta mada nyingine inaitwa Chima ishike nafasi yake. Mashabiki hawakuachia. Ninjago ikarudi 2014, Chima ikaisha yenyewe. 2017 ikatoka filamu ya sinema, 2023 ikaanza katuni mpya, Dragons Rising. Sasa piga hesabu: aliyekuwa na miaka minane 2011, mwaka 2023 ana ishirini. Ana hela yake mwenyewe, haombi kwa mama.

Lakini umri peke yake hautoshi kueleza. Kinachowashika ni kwamba watu ni walewale, nguo ndo zinabadilika. Karibu kila msimu wa katuni Kai anapata vazi jipya, na kidoli kipya kinatoka. Mwenye Kai watatu anajua kuna wengine hana. Hapo ndipo biashara ilipo: mkusanyaji hamalizi. Na seti moja hukaa madukani miaka michache tu kisha Lego wanaacha kuitengeneza, kwa hiyo aliyechelewa atatafuta kwa watu kama sisi.

Kwa wale wenye mifuko mirefu kuna mji wa Ninjago. Seti ya kwanza 2017, vipande 4,867. Ya bandarini 2018, vipande 3,553. Ya bustani 2021, vipande 5,685, ilitoka kusherehekea miaka kumi. Ya soko 2023, vipande 6,163. Zote nne zinaunganishwa ubavu kwa ubavu, vipande zaidi ya 20,000. Mi sijawahi kuishika hata moja na sitarajii kuikuta kwenye belo. Nakutajia ili uone kwamba aliyenunua ya kwanza alishafungwa kwenye ya pili.

Tuje kwenye mfuko wako. Usiuze kwa kipimo kabla hujachambua. Toa vidoli vyote pembeni, kisha kung'uta mfuko, maana silaha huwa zimezama chini: upanga, mundu, nunchaku, vinyota vya kurusha. Zile za dhahabu ndo zilizobeba hadithi ya mwanzo. Kuna dada alikuwa anakusanya wale sita, amebakiza Nya. Nilipompostia Nya ana kila kitu chake, hakuomba hata kupunguziwa. Nya huyohuyo bila silaha wala nywele angeniambia "nitafikiria".

Feki zipo nyingi na zinapendeza. Angalia kwenye vinundu vya juu vya tofali, kila kimoja kina neno LEGO dogo sana. Kidoli kitoe kichwa, utazame juu ya shingo. Muuzaji mmoja wa jumla aliniambia "zote zinatoka kiwanda kimoja." Nikamrudishia mzigo wake. Wakusanyaji wanajuana, ukimuuzia mmoja feki kama orijino wenzake watajua kabla ya jioni. Picha ya shingo iweke kwenye posti, utapunguza maswali nusu.

Halafu usikisie mwaka. Tangu 2019 Lego wametoa upya seti za zamani kwa sura mpya, kwa hiyo Kai wa 2011 na wa 2019 wanafanana kwa mbali lakini hawauzwi bei moja. Ukipata namba ya seti kwenye boksi au kitabu cha maelekezo, umemaliza kazi. Kitabu kikikosekana, maelekezo yapo bure kwenye tovuti ya Lego ukiandika namba. Bei itazame BrickLink, pale wanauza mpaka kipande kimoja kimoja. Soma bei zilizouzwa miezi sita iliyopita, zilizotumika mbali na mpya, achana na bei mtu anayotamani.

Na anayekushauri uchukue hela ya kikoba ununue maboksi uyafungie kabatini miaka kumi, mwambie atoe ya kwake kwanza.

Kuosha: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, mkono. Lego wenyewe wanasema yasizidi nyuzi 40. Usisugue kifuani, ile michoro ndo pesa. Anika kivulini, hasa Zane, maana jua linamgeuza mweupe kuwa njano na hapo hata mimi sitamnunua.