Shomoro wa Kichwa Kijivu: Ndege Atambuliwe kwa Sura, Si kwa Mahali

Katika miji na vijiji vya Afrika ya Mashariki ni ndege wachache waliozoeleka kama shomoro. Hutua juu ya mabati, huokota punje penye viwanja vya kupuria nafaka, na hujenga kiota katika tundu lolote la ukuta. Kwa kuwa wamezoeleka hivyo, watu wachache huwatazama mara mbili. Hata hivyo, kwa wataalamu wa elimu ya ndege, shomoro wa kichwa kijivu ni miongoni mwa ndege wenye kutatiza sana kuwatambua porini.

Kwanza yafaa kumweka kando shomoro wa nyumbani, Passer domesticus, aliyeletwa na binadamu na ambaye sasa anaonekana Unguja, Mombasa na miji mingi ya bara. Huyu wa kwetu ni wa namna ya Bara Hindi, indicus, na mashavu yake ni meupe zaidi kuliko ya jamaa zake wa Ulaya. Dume ana koo jeusi. Jike ni wa hudhurungi, naye ana utepe mweupe unaopita nyuma ya jicho. Shomoro wa kichwa kijivu hana koo jeusi wala utepe huo, na dume na jike hufanana.

Baada ya kumtoa huyo ndipo tatizo lenyewe huanza, kwani wenye kichwa kijivu ni wa namna tano. Passer griseus, aliyepewa jina na Vieillot mwaka 1817, anaenea kutoka Afrika ya Magharibi hadi Uganda na magharibi ya Kenya. Passer diffusus, wa mwaka 1836, ni wa kusini: kutoka kusini mwa Tanzania hadi Afrika Kusini. Passer swainsonii, wa mwaka 1840, ni wa Ethiopia na nchi jirani, naye hufika kaskazini ya Kenya pande za Moyale. Passer gongonensis, aliyeelezwa na Oustalet mwaka 1890, ni wa nchi kavu za mashariki na kaskazini ya Kenya, kama vile Tsavo na Samburu, na hufika kaskazini-mashariki ya Tanzania. Wa mwisho, Passer suahelicus, alielezwa na Reichenow mwaka 1904, naye ni wa kusini mwa Kenya na sehemu kubwa ya Tanzania bara. Majina haya yana mzaha wake: anayeitwa Mswahili ni ndege wa mbuga za bara, ilhali yule aliyepewa jina la Gongoni, mahali pa pwani ya Kenya, hakupewa heshima hiyo.

Kwa muda mrefu katika karne ya 20 vitabu vingi viliwahesabu wote watano kuwa nususpishi za griseus, yaani namna za spishi moja zinazotofautiana kwa kufuata maeneo na ambazo huzaliana zinapokutana. Siku hizi orodha nyingi huwatenganisha kuwa spishi tano. Ndege hawakubadilika, ni uamuzi wa wataalamu uliobadilika, na uamuzi huo hutegemea sana yanayotokea kwenye mipaka, mahali ambapo namna moja hukutana na nyingine. Je, hupandana ovyo, au kila mmoja hushika wake? Swali hilo haliwezi kujibiwa na ndege aliyekauka kwenye droo ya makumbusho peke yake. Lahitaji watazamaji wengi waliopo mipakani, wenye kuandika walichokiona.

Hapa ndipo penye kasoro. Mtazamaji akiwa Seronera humwona shomoro wa kichwa kijivu, hufungua kitabu, huona ramani inasema eneo hilo ni la suahelicus, naye huandika suahelicus. Baadhi ya programu za simu nazo hupendekeza jina kwa kufuata mahali mtu alipo. Taarifa hiyo ikitumwa kwa watengenezaji wa atlasi za ndege, huwa ushahidi mpya wa ramani ile ile iliyoizaa. Ramani ikiwa sahihi, hakuna hasara kubwa. Lakini misitu ikifyekwa na mashamba na vijiji vikisogea, shomoro nao husogea, na ramani inayojithibitisha yenyewe haitaonyesha kamwe kwamba mpaka umehama.

Basi ndege atazamwe kwanza, kitabu baadaye. Mdomo ndio wa kuanzia. Gongonensis ni mkubwa, urefu wa sentimita 18 hivi, na mdomo wake ni mnene, uliovimba, hata Waingereza wakamwita jina la kasuku. Akitua karibu na wengine hana mfano. Akiwa peke yake juu ya mti, ukubwa hudanganya, kwa hiyo mdomo ulinganishwe na kichwa chake mwenyewe. Kisha koo. Griseus ana koo jeupe linaloonekana wazi kati ya kijivu cha kichwa na kijivu hafifu cha kifua. Gongonensis ni kijivu kitupu kuanzia koo hadi tumbo, na swainsonii naye ni wa kijivu kilichoiva, chenye weupe mdogo sana kooni. Diffusus amepauka zaidi, na mdomo wake ni mdogo.

Ugumu mkubwa ni kati ya griseus na suahelicus, na hapa koo halitoshi. Dawa yake ni mgongo. Kwa griseus, kichwa cha kijivu huishia shingoni, na mgongo wa hudhurungi huanza. Mpaka wa rangi mbili huonekana. Kwa suahelicus mgongo wenyewe ni wa kijivu-hudhurungi, ukafanana na kichwa kiasi kwamba mpaka hupotea, na wekundu wa kutu hubaki mabegani na kiunoni tu. Kwa sababu hiyo ndege aliyeonekana kwa mbele peke yake, hata akiwa karibu namna gani, hajatambuliwa bado. Mstari mweupe wa bawa usimshughulishe mtu sana, kwa kuwa wote wanao.

Mitego haikosi. Mdomo huwa mweusi wakati wa kuzaa na hurudi rangi ya pembe baadaye. Rangi yake, basi, yaeleza majira na si spishi. Makinda ni hafifu wa rangi, na wana michirizi mgongoni ambayo wazazi hawana. Manyoya yaliyochakaa hupauka. Jua la jioni hufanya kila mgongo uwe mwekundu, na ndege aliyekwisha oga vumbi la udongo mwekundu hafai kuamuliwa rangi hata kidogo. Sauti nayo haina msaada mkubwa, maana wote hulia kwa milio mifupi inayofanana.

Katika daftari yaandikwe mambo manne kabla ya jina: mdomo, koo, tumbo, na mgongo ukilinganishwa na kichwa. Picha mbili, moja ya ubavuni na moja ya mgongoni, zina thamani kuliko kumi za usoni. Likikosekana moja katika hayo manne, iandikwe tu «shomoro wa kichwa kijivu», pamoja na tarehe na mahali. Na akionekana ndege mwenye sifa zilizochanganyika, kama vile koo jeupe kabisa pamoja na mgongo usio na mpaka, asisukumwe upande wowote. Aelezwe alivyo, na watazamwe pia wenzake walio karibu, hasa yule anayelisha naye makinda.