Umeme Bado, Gesi Imetangulia

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaongojea mabasi ya umeme pale Gerezani itabidi wavute subira. Dakar, Senegal, walianza na umeme mtupu mwaka 2024. Hapa Dar es Salaam mabasi yaendayo haraka ya njia ya Kimara, kilomita 21 hivi, yalianza Mei 2016 kwa dizeli, nauli shilingi 650. Njia ya Mbagala, iliyoanza kupokea abiria mwaka 2025, ilikuja na mabasi ya gesi.

Kwa mwenye mtaji, tofauti iko kwenye malipo. Dizeli huagizwa nje kwa dola. Shilingi ikiteremka gharama hupanda, lakini nauli hupangwa na LATRA. Mwendeshaji akibanwa hapo huanza kuahirisha vipuri, na basi likilala gereji foleni ya kituoni hurefuka. Gesi ni ya Songosongo na Mnazi Bay. Umeme nao ni wa nyumbani, ila basi lake ni ghali kununua, na karakana ya Jangwani, bonde lililofurika mara kadhaa, si mahali pa kufunga mitambo ya kuchajia.

Robota za vitenge, hata hivyo, bado zitapanda guta.