Bakteria Akikimbia, Akimbilie Wapi?

Chukua mrija wa maabara uliojaa bakteria wa aina ya E. koli, umiminie faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria peke yao. Maji yaliyokuwa na ukungu hung'aa baada ya saa chache, kwa kuwa bakteria karibu wote wamepasuka. Uache mrija huo hadi kesho, ukungu unarudi, na hao waliorudi hawaguswi tena na faji ile. Je, walipata usugu baada ya kushambuliwa, au walikuwa nao tangu mwanzo?

Swali hilo lilimsumbua Salvador Luria, Mwitaliano aliyekimbilia Marekani wakati wa vita. Pamoja na Max Delbrück aliotesha bakteria katika mirija mingi midogo, kila kundi peke yake, kisha kila kundi likamwagwa kwenye sahani iliyotandazwa faji. Kama usugu ungezaliwa na shambulio lenyewe, kila sahani ingebakiza idadi inayokaribiana na ya mwenzake. Haikuwa hivyo. Sahani nyingine hazikubakiza hata mmoja, nyingine wachache, na chache zilifurika. Hizo zilizofurika ndizo zilizotoa jibu: ndani ya mrija wa kila moja, bakteria mmoja alikuwa amebadilika kinasaba mapema, vizazi kadhaa kabla ya kukutana na faji, akazaa ukoo mzima wenye usugu. Waliyachapisha matokeo hayo mwaka 1943, na naona bado ni miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote katika biolojia.

Uzito wake kwa mgonjwa ni huu: dawa huwaua majirani wa bakteria sugu na kumwachia uwanja. Mtu anayenunua vidonge vya rangi mbili, yaani antibiotiki, dukani bila cheti, ili atibu mafua ambayo ni ugonjwa wa virusi, anafanya mchujo huo ndani ya utumbo wake mwenyewe, wala mafua hayapungui. Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na Afrika Magharibi ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu.

Tena bakteria hasubiri bahati ya mabadiliko yake mwenyewe. Miaka ya 1950 watafiti wa Japani waliwakuta bakteria wa kuhara damu waliokuwa sugu kwa dawa nne kwa mpigo, na usugu huo wote ulihama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine kwa safari moja. Iliyobeba mzigo huo ilikuwa plasmidi, kipande cha vinasaba chenye umbo la duara ambacho bakteria hupeana wanapogusana. Faji nazo hubeba. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu, ile inayomkausha mtu maji kwa saa chache, zimo ndani ya faji iliyojipachika kwenye vinasaba vya bakteria. Bila faji hiyo, kimelea cha kipindupindu hakina silaha yake kuu.

Kwa hiyo anayetaka kutibu kwa faji lazima achague. Ziko zinazoingia, zinazaliana na kupasua bakteria papo hapo. Ziko zinazojificha ndani ya vinasaba vyake na kurithishwa kimya kimya. Tiba inataka zile za kwanza. Félix d'Hérelle, aliyezipa faji jina hilo mwaka 1917, alianza kuzitumia kwa wagonjwa wa kuhara damu muda mfupi baadaye, na mjini Tbilisi, Georgia, tiba hiyo haikukoma hata penisilini ilipotawala kwingineko.

Lakini somo la Luria linabaki: faji nayo itakuta bakteria aliyekwisha kubadilika. Hapo ndipo kazi ya Paul Turner na Benjamin Chan wa Chuo Kikuu cha Yale inaponivutia kuliko zote. Katika maji ya bwawa la Dodge, jimboni Connecticut, walipata faji inayoshambulia Pseudomonasi, bakteria anayesumbua sana mahospitalini. Bakteria huyu ana pampu kwenye ukuta wake, naye huitoa dawa nje kama mabaharia wanavyofua maji jahazini. Faji ile hushikilia sehemu ya pampu hiyo hiyo ili iingie. Akitaka kuikwepa, bakteria hana budi kuibadilisha au kuipoteza pampu, na akifanya hivyo dawa iliyokuwa imeshindwa inaanza kumuua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Faji hiyo, pamoja na dawa ya seftazidimu, ilitumika kwa mgonjwa mzee aliyekuwa na maambukizi ya miaka kadhaa kwenye mshipa bandia kifuani, na maambukizi hayakurudi.

Njia nyingine ni kuitengeneza faji yenyewe. Mwaka 2018, msichana wa miaka 15 jijini London, aliyekuwa amepandikizwa mapafu, alipewa mchanganyiko wa faji tatu dhidi ya bakteria wa jamii ya kifua kikuu aliyeshinda dawa zote. Mbili zilikuwa za kujificha, na kundi la Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh likaziondolea jeni inayoziamuru zijifiche. Ya tatu, Muddy, ilikuwa muuaji wa asili. Ilipatikana Durban, Afrika Kusini, kwenye bilinganya lililooza. Vidonda vya msichana vilianza kufunga. Hospitalini hapo kulikuwa na mgonjwa wa pili, mwenye bakteria wa spishi ile ile lakini wa ukoo tofauti. Alifariki kabla ya kupatikana faji inayomfaa.

Ndiyo maana hifadhi za faji zinahitajika karibu na wagonjwa. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, jijini Nairobi wamekwisha kukusanya faji za kupambana na Salmonela wa kuku. Kwa binadamu, hatua ya kwanza ni kuotesha kimelea cha mgonjwa maabara ili kijulikane ni cha ukoo gani na kinauawa na nini. Kipimo hicho tayari kinahitajika kwa dawa tulizo nazo leo, na katika hospitali nyingi za wilaya bado daktari anaandika dawa bila kukipata.